Maswali yenu: R-skwea 0.92, mbona msimamizi kanirudishia kazi?

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Nimepima sangara 40 pale mwalo wa Igombe, urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, wote wako kati ya sm 50 na 80. Nikaendesha regresheni ya mstari ulionyooka, kutabiri uzito kwa urefu, kwenye SPSS (programu ya takwimu), ikanipa konstanti -6.9, kwenye urefu 0.165, standadi era 0.008, t 20.6, Sig. .000, R-skwea 0.92. Nikajua nimemaliza, msimamizi kaandika tu "tafsiri, halafu angalia mabaki". Sasa kuna samaki wa kilo hasi kweli? Na Sig. sifuri ndo nimekosea? – Mwanafunzi, Nyegezi

JIBU: Hujakosea mdogo wangu. Anza na hiyo 0.165 maana ndo iliyokupeleka Igombe. Ukichukua sangara waliopishana urefu sm 1, yule mrefu kwa wastani anamzidi mwenzake gramu 165, wakipishana sm 10 ni kama kilo 1 na gramu 650. Hilo neno "kwa wastani" usiliache, na vipimo taja, namba tupu haimwambii msomaji kitu. Standadi era inaonyesha hiyo namba ingeyumba kiasi gani kama ungepima sangara 40 wengine, nenda kama standadi era 2 kila upande unapata takriban gramu 149 hadi 181, na mimi ningependa kuiona hiyo kwenye ripoti kuliko t, ambayo ni 0.165 ukigawa kwa standadi era.

Sig. .000 siyo sifuri, SPSS imekata desimali tu, we andika p < 0.001. Yaani kama urefu na uzito visingehusiana kabisa, kupata mteremko (ndo hiyo 0.165) mkali hivi kwa bahati tu kungekuwa nadra mno. Haisemi kama mstari ulionyooka ndo umbo sahihi.

Konstanti ni uzito wa sangara mwenye urefu sm 0, huyo hayupo, achana naye. Ila jaribu sm 40: 0.165 mara 40 ni 6.6, toa 6.9 unabaki na -0.3. Na sangara wa sm 40 yupo ziwani, sheria inakataza kumvua tu kwa kuwa hajafika 50! Kwa hiyo mlinganyo wako usiutoe nje ya urefu uliopima.

Sasa mabaki, ambayo naona ndo alichokuwa anakisubiri msimamizi. Ni uzito halisi kutoa uzito uliotabiriwa na mstari. Yachore juu ya urefu, nategemea utaona wafupi kabisa na warefu kabisa wako juu ya sifuri, wa katikati wamezama chini, kama bakuli. Sangara akirefuka anapanuka na kunenepa pia, ndo maana uzito unapanda karibu na kipeo cha 3 cha urefu, na mstari ulionyooka hauwezi kufuata mkunjo huo. R-skwea 0.92 inasema asilimia 92 ya tofauti za uzito zimeelezwa na mstari, basi, mkunjo haikuonyeshi, na wanafunzi wengi sana wanaisoma kama maksi za mtihani.

Chukua logi (logarithm) ya urefu na logi ya uzito uendeshe upya. Mteremko unapaswa kukaribia 3, na hapo tafsiri inabadilika: urefu ukizidi asilimia 1, uzito unazidi kama asilimia 3. Ukiwa mbali sana na 3 rudi kwenye karatasi zako za mwaloni, angalia kama kuna sangara aliyeandikwa kwa gramu au aliyepimwa akiwa ameshatolewa matumbo.