Umealikwa karamu ya mtaani wakati wa Jubilei: nenda

Dada yangu, umeuliza ufanye nini ukiwa mgeni Uingereza, nao majirani wamekualika kwenye karamu ya mtaani katika mapumziko ya Jubilei ya Platini ya Malkia Elizabeth, yaani sherehe ya miaka sabini ya utawala wake, tarehe 2 hadi 5 Juni 2022. Nenda, tafadhali. Gwaride la Alhamisi na ibada ya Ijumaa katika kanisa la St Paul's, London, wengi watavitazama kwenye televisheni, na wengine watashinda bustanini au pwani. Lakini Jumapili, pale halmashauri ilipokubali barabara ifungwe, meza zitaunganishwa juu ya lami na kila nyumba italeta chakula chake, kuanzia sandwichi za tango hadi keki. Hakuna atakayekuhoji kuhusu ufalme, kwani wengi huja kuzungumza na jirani ambaye mwaka mzima wamempungia mkono tu. Wewe peleka sambusa au mahamri, ambavyo huliwa kwa mkono na havikosi ladha vikipoa, na uweke kikaratasi kinachotaja viungo, hasa nyama na karanga, kwa sababu ya wenye mzio. Kiti chako na koti la mvua usiviache nyumbani, hata asubuhi ikiwa na jua.