Usiseme "ni madoti tu": kuisoma hataza ya tishu

Wenye karakana wengi ninaowasomea hataza hapa Lubumbashi (breve, kama tunavyoziita) huanza na swali moja: "Papa, huu nao ni uvumbuzi? Si madoti tu kwenye karatasi ya tishu?" Pengine ni madoti tu kweli. Lakini usilijibu swali hilo ukiwa umeshalisoma dai (sentensi ya hataza inayosema ni kitu gani kinalindwa), kwa sababu ukishaonyeshwa jibu kila kitu huonekana chepesi.

Anza na yaliyojulikana kabla ya tarehe ya maombi ya hataza. Chukua tishu ya tabaka mbili, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha, utaviona vinundu, ndiyo yale madoti. Karatasi imepitishwa kati ya rola la chuma lililochongwa na rola la mpira. Vinundu vinaipa unene, vinaisaidia kunyonya maji, na mara nyingi gundi ya kushikanisha tabaka hupakwa kwenye ncha zake. Ila kila kinundu kinadhoofisha nyuzi: bonyeza sana, tishu itajaa mkononi vizuri halafu itachanika ukiivuta. Fundi yeyote wa tishu anaujua mvutano huo. Basi dai linalosema tu kwamba vinundu virefu zaidi vinaleta tishu nene zaidi, mimi halinisumbui: huo si uvumbuzi.

Kazi iko kwenye namba. Madai ya aina hii hujaa vipimo: kina cha kinundu, idadi yake kwa sentimita ya mraba, unene wa roli. Kipimo ambacho fundi angekifikia kwa kubadilisha rola moja baada ya jingine hakitoshi kuitwa uvumbuzi. Nenda kwenye jedwali la majaribio uangalie kama ndani ya kipimo hicho nguvu ya karatasi imebaki pale ambapo kila mtu angetarajia ishuke. Angalia pia wenye hataza wameilinganisha tishu yao na tishu gani. Wakichagua tishu hafifu ili yao ing'ae, shaka yangu huanzia hapo.

Ofisi ya Hataza ya Ulaya haiishii kuuliza kama fundi angeweza kuufikia uvumbuzi huo mwenyewe. Inauliza kama kweli angefika, akiwa na tatizo lile na nyaraka zile mkononi. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2007, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex kuhusu pedali ya gari, kwamba fundi wa kawaida naye ana ubunifu wake, si roboti. Mimi napenda swali la Ulaya, maana linanilazimisha kuonyesha ni waraka gani ungemsukuma fundi huyo.

Na kabla ya kutoa jasho lote hilo, uliza hataza imesajiliwa wapi. Kongo yetu ya Kinshasa ina sheria yake ya hataza ya tarehe 7 Januari 1982 na si mwanachama wa OAPI (shirika la hataza la nchi za Afrika, nyingi zikiwa za Kifaransa), kwa hiyo hataza ya OAPI haifiki huku. Lakini ukitaka kuvusha roli zako Kasumbalesa, ulizia na upande wa Zambia, ambayo imo ARIPO, shirika jingine la hataza la nchi za Afrika, nyingi zikiwa za Kiingereza.