Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya Binti Anayeingia Chuo Kikuu

SWALI. Mheshimiwa mhariri, mimi ni mama ninayeishi Katuba, hapa Lubumbashi. Binti yangu amefaulu mtihani wa serikali na sasa anaingia Chuo Kikuu cha Lubumbashi kusomea uchumi. Nimejinyima hadi nikapata dola 280 za kumnunulia kompyuta mpakato. Katika duka moja la mjini nimeonyeshwa mbili za bei hiyo. Ya kwanza ni mpya, ingali katika katoni yake, ina RAM (kumbukumbu ya kazi) ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64. Ya pili ilikwisha kutumika Ulaya, ina kibandiko cha Core i7, na muuzaji ananihakikishia kwamba i7 ndiyo bora kuliko zote. Kaka yake binti anataka nichukue ile mpya. Nichukue ipi, hasa ukizingatia kwamba mtaani kwetu umeme unaweza kukosekana tangu asubuhi hadi usiku?

JIBU. Mama mpendwa, tunampongeza binti yako, na tunakupongeza wewe uliyeuliza kabla fedha hazijatoka mkononi. Ushauri wetu ni kwamba ile mpya uiache, na ile ya i7 usiilipie mpaka umesoma namba inayofuata baada ya herufi hizo.

Tuanze na ile mpya, kwa kuwa upya wake ndio unaovuta macho. RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali kuwekwa ndani yake. Maana yake ni kwamba binti ataanza mwaka wa kwanza akiwa tayari mwisho wa uwezo wa mashine: Windows yenyewe itakula sehemu kubwa ya nafasi hiyo, masasisho yatadai nyingine, na siku atakapofungua jedwali la hesabu pamoja na kitabu cha PDF na kurasa chache za intaneti, kila kitu kitaanza kujikokota. Mara nyingi kompyuta za aina hii zina RAM na hifadhi zilizochomelewa kwenye bodi, kwa hiyo hata fundi hodari hawezi kuziongeza. Garanti hurudisha kitu kilichoharibika. Haimsaidii mtu aliyeuziwa kitu kidogo kuliko kazi yake.

Sasa ile i7. Alama za i3, i5 na i7 hupanga prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, za kizazi kimoja tu. Kinachokuambia kizazi ni tarakimu ya kwanza baada ya kistari, au mbili za kwanza kuanzia kizazi cha kumi. Chukua mfano wa i7-4600U: hiyo 4 inaonyesha kizazi cha nne, prosesa iliyotoka mwaka 2013, yenye viini 2 (sehemu zinazogawana kazi). Iweke kando ya i5-8250U, ya kizazi cha nane, iliyotoka mwaka 2017, yenye viini 4. Hiyo ya pili, ingawa inaitwa i5, inaishinda ya kwanza kwa mbali. Kibandiko cha nje mara nyingi hakionyeshi namba yote, kwa hiyo mwombe muuzaji awashe kompyuta, abonyeze kwa pamoja kitufe cha Windows na kitufe cha Pause, au afungue mipangilio penye habari za mfumo, kisha usome mwenyewe. Akikataa kuiwasha, ondoka.

Kizazi hakihusu kasi peke yake. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Kompyuta ya kizazi cha nne au cha sita itaendelea kuwaka, lakini haina tena njia ya kawaida ya kupata masasisho mapya ya usalama, na sote tunajua jinsi diski za USB zinavyopita mkono kwa mkono kati ya wanafunzi na vibanda vya kuchapisha. Mwenye kompyuta ya zamani anaweza kuweka Ubuntu (mfumo unaoshika nafasi ya Windows) pamoja na LibreOffice (programu zinazoshika nafasi ya Word na Excel) bila malipo, na ni njia njema, ila kwa mwanafunzi wa uchumi ambaye walimu na wenzake watamtumia faili za Excel, ni afadhali asianze na kikwazo hicho.

Kwa hiyo tafuta kompyuta iliyotumika ofisini, ya kizazi cha nane au zaidi, yenye RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD (hifadhi ya kasi) ya gigabaiti 256. Aina za ThinkPad, Latitude na EliteBook zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni, ambayo huzibadilisha baada ya miaka michache zikiwa bado na nguvu. Mafundi wanazifahamu, na nyingi zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida.

Kuhusu umeme, hapa ndipo tungependa uwe mkali kuliko mahali pengine popote. Betri ya kompyuta iliyotumika imechakaa, na swali ni kiasi gani. Mwombe muuzaji afungue dirisha la amri, aandike powercfg /batteryreport, kisha afungue ripoti inayotengenezwa. Humo utaona namba mbili: uwezo ambao betri ilizaliwa nao na uwezo ilionao leo. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 mWh (yaani wati 50 kwa saa moja) na ya pili ni 28,000 mWh, betri imebaki na nguvu inayozidi nusu kidogo tu. Kwa kazi ya kuandika, kompyuta ya namna hii hutumia takriban wati 8 hadi 10, kwa hiyo betri hiyo itampa binti saa tatu hivi, si tano. Hapo una haki ya kudai punguzo litakalolipia betri nyingine. Ukibahatika kupata ThinkPad T480, ina betri mbili, na ile ya nyuma huchomolewa na kubadilishwa huku kompyuta ikiendelea kufanya kazi. Binti anaweza kubeba ya akiba katika mkoba.

Uliza pia kama tundu la USB-C linapokea chaji, maana si matundu yote yanafanya hivyo. Linalopokea hukuwezesha kuchaji kutoka kwenye betri ya sola ya volti 12 kwa kutumia chaja ya gari yenye wati za kutosha, bila kupitisha umeme kwenye inveta ambayo hupoteza sehemu yake njiani. Na umeme unaporudi kwa kishindo, au ngurumo zinapoanza msimu wa mvua, chaja ichomolewe ukutani.

Angalia kibodi. Masomo yetu ni kwa Kifaransa, na kibodi ya AZERTY inampa binti é kwenye kitufe cha 2, è kwenye 7, ç kwenye 9 na à kwenye 0. Zinazopitia Dubai mara nyingi huja na mpangilio wa QWERTY. Unaweza kubadilishwa kwa programu, lakini herufi zilizochapwa hazitalingana tena na zinazotokea kwenye kioo. Mwisho, iwashwe mbele yako hadi ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, bado imefungwa na kampuni iliyokuwa mwenye mali.

SWALI. Kijana wangu yuko mwaka wa tano wa sekondari, sehemu ya biashara. Je, tableti yenye kibodi inamtosha?

JIBU. Baba, kwa kusoma vitabu na kufuata masomo ya video inatosha. Kwa uhasibu haitoshi, kwa sababu Excel ya tableti haina uwezo wote wa ile ya kompyuta, na kioo kidogo huficha nusu ya jedwali. Ikiwa tableti mnayo tayari, aitumie mwaka huu, nanyi mweke akiba ya kompyuta ya aina tuliyomweleza mama wa Katuba, ili aipate kabla ya mwaka wa sita.