Maswali ya Wasomaji: Uzito wa korosho kutoka ghalani hadi Mtwara papo hapo

Swali: Wahariri, salaam. Nahudumia kompyuta za chama cha ushirika hapa Masasi. Tuna mizani za kielektroniki katika maghala manne, na viongozi wanataka kila gunia linalopimwa lionekane ofisini Mtwara saa ileile, badala ya kusubiri karatasi za jioni. Nimeweka Kafka, programu ya kupokea na kusambaza ujumbe papo hapo, ndani ya kontena la Docker (kifungashio kinachoendesha programu peke yake) kwenye seva ya ofisi. Programu zilizo kwenye seva hiyohiyo zinaandika na kusoma vizuri. Za maghalani zinaunganika, kisha zinalalamika kwamba hazimjui mwenyeji aitwaye "kafka". Nimekosea wapi?
*Msomaji, Masasi*

Jibu: Ndugu msomaji, kosa liko kwenye anwani ambayo Kafka inaitangaza. Programu ikigonga mlango (port) wa 9092, jambo la kwanza inalopewa ni anwani ya kurudi nayo ili kuandika au kusoma. Wewe umetangaza jina la kontena, na jina hilo linafahamika ndani ya mtandao wa Docker tu. Kompyuta ya ghalani ikiambiwa iende "kafka", haina pa kwenda.

Weka milango miwili, mmoja wa ndani na mmoja wa nje, kila mmoja na tangazo lake:

```
KAFKA_NODE_ID: 1
KAFKA_PROCESS_ROLES: broker,controller
KAFKA_CONTROLLER_QUORUM_VOTERS: 1@kafka:9093
KAFKA_CONTROLLER_LISTENER_NAMES: CONTROLLER
KAFKA_LISTENERS: NDANI://0.0.0.0:19092,NJE://0.0.0.0:9092,CONTROLLER://0.0.0.0:9093
KAFKA_ADVERTISED_LISTENERS: NDANI://kafka:19092,NJE://10.8.0.1:9092
KAFKA_LISTENER_SECURITY_PROTOCOL_MAP: NDANI:PLAINTEXT,NJE:PLAINTEXT,CONTROLLER:PLAINTEXT
KAFKA_INTER_BROKER_LISTENER_NAME: NDANI
KAFKA_OFFSETS_TOPIC_REPLICATION_FACTOR: 1
KAFKA_TRANSACTION_STATE_LOG_REPLICATION_FACTOR: 1
KAFKA_TRANSACTION_STATE_LOG_MIN_ISR: 1
KAFKA_LOG_DIRS: /var/lib/kafka/data
```

Mistari mitatu yenye namba 1 karibu na mwisho usiiruke. Bila maelekezo yako, Kafka hutaka nakala 3 za kumbukumbu ya nani kasoma hadi wapi, na wewe una seva moja. Matokeo yake, data inaandikwa vizuri lakini kundi la wasomaji halipati kitu, na unaweza kupoteza siku nzima ukiichunguza programu isiyo na kosa lolote.

Ukikuta mwongozo unaokuambia uwashe kwanza ZooKeeper, programu ya pembeni iliyokuwa ikiiratibu Kafka, ujue ni wa zamani. Kuanzia toleo la 4.0, lililotoka mwaka 2025, Kafka imeachana nayo kabisa.

Anwani 10.8.0.1 tuliyoandika ni ya njia ya faragha ya WireGuard kati ya maghala na ofisi. Mlango wa 9092 usiufungue wazi kwenye intaneti hata kwa siku moja, kwa sababu PLAINTEXT haina nywila wala usimbaji. Fungua mlango wa WireGuard, UDP 51820, peke yake. Kwenye kompyuta za maghalani, ambazo bila shaka zinatumia laini ya simu, weka PersistentKeepalive = 25. Bila hiyo mtandao wa simu husahau njia baada ya ukimya mfupi, na seva haiwezi tena kuzifikia.

Kila ujumbe upe ufunguo wa namba ya mizani. Kafka huweka ujumbe kwenye mada (topic), na kila mada hugawanywa katika vigawe (partitions); hulinda mpangilio ndani ya kigawe kimoja tu, na ujumbe wenye ufunguo mmoja huangukia kigawe kimoja. Vigawe vinne vinakutosha. Programu ya tano ya kusoma katika kundi hilo itakaa bure.

Swali: Huku Nachingwea umeme na mtandao hukatika, mara nyingine kwa saa kadhaa. Umeme uliporudi juzi, mada zote za Kafka zilikuwa tupu. Na mtandao ukikatika, baadhi ya vipimo havifiki kabisa. Nifanyeje?
*Msomaji, Nachingwea*

Jibu: Hayo ni matatizo mawili, na la pili ndilo zito zaidi.

La kwanza: kontena likiundwa upya, kila kilichoandikwa ndani yake kinaondoka nalo. Unganisha /var/lib/kafka/data na folda ya diski ya seva. Kontena la apache/kafka haliendeshwi na mtumiaji root, bali mtumiaji namba 1000. Kwa hiyo tangulia na `sudo chown -R 1000:1000` kwenye folda hiyo, la sivyo litakataa kuwaka kwa "Permission denied". Weka `restart: unless-stopped`, na `stop_grace_period: 60s`, maana kwa kawaida Docker hulipa kila kontena sekunde 10 tu za kufunga kazi kisha huliua. Ukiona kontena limekufa kwa namba 137, tazama ramu kwanza: ukomo wa kontena uwe mkubwa kuliko Xmx, yaani kiwango cha juu cha ramu ambacho Java inaruhusiwa, mfano 512m kwa ukomo wa 1g.

La pili: programu inayotuma huhifadhi ujumbe kwenye ramu, MB 32 kwa kawaida, na baada ya dakika 2 bila jibu huutupa. Kwa hiyo mtandao ukikatika saa moja, vipimo vya saa hiyo vimekwenda. Hapa pana jasho la mkulima wa msimu mzima, na gunia lisilo na rekodi huzua ugomvi kati yake na karani. Usiitegemee ramu.

Kila kipimo kiandikwe kwanza kwenye SQLite (hifadhidata ndogo ya faili moja), kwenye diski ya kompyuta ya ghalani, kikiwa na UUID yake (kitambulisho kisichojirudia) na saa ya kupimwa. Programu nyingine isome humo na kutuma kwa `acks=all`, yaani ikisubiri Kafka ithibitishe kupokea. Kipimo kipewe alama ya "kimefika" pale tu Kafka inapojibu. Umeme ukikatika kati ya kutuma na kuweka alama, kipimo kitatumwa mara mbili, na hilo halina madhara: upande wa PostgreSQL, hifadhidata ya ofisini, fanya UUID kuwa ufunguo wa msingi na uingize kwa `ON CONFLICT DO NOTHING`. Usihofie kifurushi cha intaneti. Kipimo kimoja ni kama baiti 200, hivyo magunia 2,000 kwa siku ni KB 400 hivi, ukiacha gharama ndogo za mtandao wenyewe.

Chunguza na mizani yenyewe. Nyingi hutuma namba mfululizo kwa waya wa RS-232 hata gunia likiwa bado linayumba. Zipo zinazoweka ST mbele ya uzito uliotulia na US mbele ya usiotulia. Soma kitabu chake, kisha pokea uliotulia tu. Na kwenye faili la Compose, linaloorodhesha makontena ya Docker, usiandike /dev/ttyUSB0, kwani namba hiyo hubadilika ukichomoa waya. Tumia njia iliyo chini ya /dev/serial/by-id.

Kompyuta isiyo na betri ya saa huamka na tarehe ya zamani. Kama ni Raspberry Pi, ongeza kijisaa cha DS3231, na uandike muda wote kwa UTC.

Swali: Nina vipima joto vitatu kwenye vyumba baridi vya samaki Lindi mjini. Nami niweke Kafka?
*Msomaji, Lindi*

Jibu: Hapana, utajitwisha mzigo bure. Kontena moja la Mosquitto (programu nyepesi ya kupokea ujumbe kwa MQTT) na moja la PostgreSQL vinatosha, hata kwenye kompyuta ya ramu GB 2. Kumbuka kwamba Mosquitto tangu toleo la 2.0 haipokei wageni wa nje hadi uandike `listener 1883` kwenye faili la mipangilio, pamoja na `password_file`. Tuma kwa QoS 1 (ujumbe hurudiwa hadi uthibitishwe), na programu inayopokea iwe na kitambulisho kisichobadilika na kikao cha kudumu, ili ikizimika, vipimo vya muda huo viisubiri kwenye Mosquitto. Washa `persistence true`, na folda yake nayo iwe kwenye diski ya kompyuta.