Watoto Hawajaichoka Ngoma, Wamechoka Kumchezea Mgeni Rasmi

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana wa shule ya msingi mkoani Mtwara, na kwa ruhusa yake nauweka hapa: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha sindimba watoto wa darasa la nne hadi la sita. Ngoma ikianza kulia wanasimama wananitazama tu. Wasichana wanajifunika uso, wavulana wanachekana, wengine wanaomba ruhusa ya chooni hawarudi. Nimebembeleza, nimekaripia, imeshindikana. Mahafali yanakaribia na mwalimu mkuu anataka burudani. Naomba ushauri, mama yangu."

Marahaba, mwanangu. Nilikujibu mistari michache usiku uleule, lakini jibu lenyewe ni refu na wanaolihitaji ni wengi. Kila msimu wa mahafali ya darasa la saba unapokaribia, simu yangu hujaa maswali ya aina hii. Walimu wa ngoma tuko wachache, mazoezi tunafanya jioni baada ya vipindi, na tukikwama hatuna wa kumuuliza. Mimi ni Msukuma, nafundisha nje kidogo ya jiji la Mwanza, na mwaka huu kikundi chetu kimeshinda ngoma ngazi ya wilaya kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Nalisema hilo wazi kwa sababu wapo waliosema watoto wale hawafundishiki, na najua wananisoma.

Kwanza tuache kusema watoto wa siku hizi hawapendi kucheza. Toka nje wakati wa mapumziko. Mmoja akipiga dawati kwa viganja, singeli imeanza, na yule uliyemwona amesimama kama mlingoti kwenye mazoezi yako ndiye anayeongoza. Singeli ina mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na mtoto anayafuata yote kwa miguu bila kufundishwa na mtu. Kwa hiyo mwili upo, sikio lipo, nguvu ipo. Kinachokosekana ni sababu ya kuvitoa mbele yako.

Hebu fikiria mtoto wetu anaijuaje ngoma ya shule. Anaambiwa afike saa moja asubuhi akiwa amefunga kaniki. Mgeni rasmi anategemewa saa nne, anafika saa saba. Muda wote huo watoto wamepangwa juani, hawaruhusiwi kukaa wasichafue nguo. Gari likitokea wanaambiwa "chezeni, chezeni", wanacheza dakika chache huku wakubwa wakisalimiana na kutafuta viti, kisha mshereheshaji anaomba watoto wapishe, risala isomwe. Soda ziko mezani kwa wageni. Mtoto aliyepitia hayo mara mbili tu ameshajua ngoma ni nini: ni adhabu inayovaliwa njuga.

Kuna mwaka mmoja sitausahau. Nilikuwa na binti wa darasa la sita aliyejifunza kurusha jembe la bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, kulizungusha hewani na kulidaka mgongoni bila kugeuka. Alilifanyia kazi muhula mzima, mikono ikatoka malengelenge. Siku ya mahafali mgeni alichelewa, na mshereheshaji akatangaza kwamba kutokana na ufinyu wa muda tutaruka burudani. Binti alikaa chini akafungua njuga moja moja, akazipanga kwenye kikapu, akaniletea. Hakurudi tena mazoezini. Nilipolalamika, mkubwa mmoja alinijibu, "Mwalimu, si ni ngoma tu." Miaka imepita, na neno lile bado linanichoma. Alikuwa na kipaji ambacho sijakiona tena kwa mtoto mwingine.

Baada ya hapo niliacha kutafuta mbinu kwenye semina, nikarudi kwa wazee wangu. Usukumani ngoma ina utaratibu wake ambao shule zetu zimeupuuza. Tangu karne ya 19 wachezaji wamegawanyika pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu, kila upande ukijinasibisha na mwanzilishi wake, Ngika na Gumha. Msimu wa mavuno ukiisha, kuanzia Juni hivi, pande mbili zinakutana uwanja mmoja na kucheza wakati mmoja. Hakuna zamu, hakuna jaji mwenye karatasi. Watu wako huru kutembea, na upande utakaovuta umati ndio umeshinda. Ndiyo maana vikundi vya kwetu vikabuni mambo ya ajabu: Bayeye wakacheza na nyoka, bugobogobo ikachukua majembe ya kulimia ikayafanya pambo la ngoma. Mchezaji alikuwa na njaa ya macho ya watu, na njaa hiyo ilimpa akili.

Linganisha na hema la mgeni rasmi. Mgeni ameketi, atapiga makofi vyovyote utakavyocheza. Ukicheza vizuri anapiga makofi, ukicheza vibaya anapiga makofi. Mtoto ana akili, analijua hilo. Atajichosha kwa lipi?

Basi nikawagawa watoto wangu pande mbili. Sikuchagua kwa uwezo, nilichagua kwa njia wanayopita kurudi nyumbani: wa upande wa mlimani huku, wa upande wa ziwani kule. Kila upande nikaupa ngoma zake na manju wake, yule wa kuanzisha wimbo na kuongoza. Nikaomba Ijumaa jioni, kabla ya wanafunzi kwenda nyumbani, shule nzima itoke uwanjani, na sharti langu lilikuwa moja: mtazamaji asimame anapotaka na ahame anapotaka.

Ijumaa ya kwanza ilikuwa vurugu. Ijumaa iliyofuata watoto wa mlimani walikuja na kitu ambacho sikuwafundisha. Kijana wa darasa la tano, aliyekuwa akijificha safu ya nyuma kabisa, miguuni ana yeboyebo zilizokatika kamba, aliingia katikati amejifunga gunia mgongoni akiigiza mzee anayelima huku kiuno kinamuuma. Analima mapigo matatu, anasimama, anashika mgongo, anatazama jua. Ngoma ikamfuata yeye badala ya yeye kuifuata ngoma. Umati wote wa ziwani ukahama kwa kukimbia, na wale waliobaki peke yao upande ule, mbele ya uwanja mtupu, nyuso zao zilionyesha kwamba wiki ijayo hawatakubali. Jumatatu walinifuata ofisini wenyewe kuomba mazoezi ya ziada. Watoto wale wale walioitwa wazito!

Mwalimu wa Mtwara, najua huko hakuna Bagika wala Bagalu. Lakini pande mbili zinapatikana popote, na uwanja unao. Usichukue majina, chukua utaratibu.

Sasa kuhusu sindimba yako. Ni ngoma ya Wamakonde, ya kiuno, na ina uhusiano na mambo ya jando na unyago. Baada ya uhuru ilipanda majukwaa ya taifa, na shule nyingi za bara zikaichukua bila kuijua. Wewe uko kwao, una bahati. Msichana wa miaka kumi na mmoja anayejifunika uso hajaikataa sindimba, ameona haya kutikisa kiuno mbele ya wavulana wanaochekana. Haya hiyo iheshimu. Wasichana wafanye peke yao kwanza, wavulana peke yao, na usianze na kiuno. Anza na miguu na njuga. Mtoto akishasikia njuga zake zinajibu ngoma, kiuno kitakuja chenyewe bila wewe kukitaja. Na waite bibi zao. Mlete bibi mmoja tu, akae kwenye mkeka, aimbe. Mjukuu hawezi kumcheka mwenzake mbele ya bibi anayecheza kuliko wote. Mimi nilipomwalika bibi wa mtoto mmoja, alitunza wachezaji kwa sarafu alizofunga kwenye pindo la khanga, na jioni ile hakuna aliyeomba ruhusa ya chooni. Mcheza kwao hutunzwa, na hutunzwa ana kwa ana, mbele ya wanaomjua, si kwa kutajwa kwenye ratiba.

Jambo lingine, mpe mtoto ngoma aishike kabla hujampa hatua ya kucheza. Kwetu ngozi ikipata unyevu sauti inakuwa nzito, imelala. Ninawatuma watoto wakusanye nyasi kavu, tunawasha moto mdogo nyuma ya madarasa, nikiwa nimesimama palepale. Mmoja anaishikilia ngoma uso wake ukielekea motoni, anaizungusha polepole, mwingine anaigonga kwa kidole asikilize. Gonga, subiri, gonga. Sauti ikipanda na kuwa kali, hata yule mwenye uvivu anainua kichwa. Mtoto aliyeiamsha ngoma kwa mikono yake hawezi kuitazama ikipigwa akabaki amesimama. Wanaoogopa kabisa kucheza ndio ninaowapa kazi hii kwanza. Sijawahi kuona aliyekaa motoni muhula mzima bila kuingia uwanjani.

Singeli msiifukuze. Najua wapo watakaonung'unika. Singeli imekua kutoka mchiriku, muziki wa mitaa ya Dar es Salaam, na mchiriku una mizizi katika ngoma za Wazaramo, kwa hiyo mtoto anayecheza singeli hajaenda mbali na nyumbani. Mimi huwaruhusu wapashe miili moto kwa singeli, halafu ngoma inaingia taratibu juu ya mapigo yaleyale mpaka singeli inanyamaza. Wengi hawatambui ni wakati gani wamehama.

Kiboko hapana. Nimewaona walimu wanasahihisha mguu kwa fimbo. Mguu uliochapwa utafika mahali pake kwa woga, na woga unaonekana mpaka nyuma ya uwanja. Ukiona mtoto amekosea, mwambie manju wake. Wao wenyewe wana ukali wa kutosha, tena ukali wenye haki, kwa sababu wana cha kupoteza.

Wazazi ni kazi nyingine. Kwangu walikuja wakisema ngoma ni ushirikina, na siwezi kuwadanganya: wachezaji wa zamani walitumia dawa za kuvuta umati, na kila Msukuma mtu mzima analijua hilo. Huwa sibishani. Ninawapeleka kwenye historia yao wenyewe. Bujora, parokia ya Kikatoliki pale Kisesa njia ya Musoma, Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, aliianza kazi yake ya kuingiza utamaduni wa Kisukuma kanisani miaka ya 1950, na mpaka leo sikukuu ya Ekaristi inaambatana na tamasha la Bulabo, ngoma zinashindana mchana kweupe. Kama kanisa lilifungua uwanja, shule inaogopa nini? Wengine wanasema ngoma inaua masomo. Hao nawaonyesha daftari la mahudhurio la Ijumaa. Siku ambayo watoto walikuwa wakitoroka zaidi, sasa ndiyo siku darasa linajaa.

Na nyinyi wakuu wa shule, nawasihi. Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa Rais mwaka 1962 aliunda wizara ya utamaduni, akasikitika kwamba tulifundishwa kucheza rumba na chachacha huku wengi wetu hatujawahi hata kusikia ngoma zetu kama gombe sugu, mangala au lele mama. Muda mrefu umepita tangu aseme hivyo, na bado tunawatoa watoto darasani kwa ngoma siku moja tu, siku ya wageni. Mkitaka watoto wacheze mbele ya mgeni, wapeni Ijumaa zao. Wapeni kivuli wakati wa kusubiri. Wapeni maji, na soda kama wanavyopewa wageni. Na ratiba ikibana, kateni hotuba, msiwakate watoto. Tunawezaje kumwambia mtoto utamaduni ni hazina, halafu hazina hiyo ndiyo kitu cha kwanza kutupwa nje jua likielekea kuzama?

Huenda unajiuliza pia, mwanangu, kuhusu yule mmoja ambaye umemjaribu kwa kila njia na hataki. Muulize mkiwa wawili, si mbele ya wenzake. Pengine nyumbani kwao wamekatazwa kwa dini, pengine ana mguu unaouma na hajamwambia mtu, pengine anapenda mpira. Kama ni dini, usimtie katikati yako na wazazi wake, mpe kazi ya kutunza njuga na kuhesabu majembe ikiwa wameridhia. Kama ni mguu, zungumza na mzazi. Kama ni mpira, mwache aende kwenye mpira jioni hiyohiyo, na usimpeleke jina ofisini kama mtovu wa nidhamu. Waliobaki wanatosha kugawanyika pande mbili. Anza nao Ijumaa hii, hata kama mahafali ni mwezi ujao.