Unaanza kuchora mandhari ya shamba? Panga giza na mwanga kwanza

Wengi mnaoanza mandhari ya shamba mnakuja na orodha kichwani, mti upo, mto upo, kijumba kipo, ng'ombe wawili watatu, alafu mnashangaa mbona picha imepoa tu. Shida sio vitu. Hamjaamua wapi pawe na giza na wapi pawe na mwanga, na mudi ya picha inatoka hapo.

Fungueni kwenye simu picha ya The Hay Wain (yaani mkokoteni wa nyasi) ya mchoraji Mwingereza John Constable, ya 1821, yenyewe iko jumba la sanaa la National Gallery pale London na ni kubwa haswa, karibu sentimita 130 kwa 185. Cheki kushoto, nyumba na miti mizito, kijani kinakaribia weusi. Kulia kaacha wazi, majani yamepigwa jua, na huko mbali kuna watu wadogoo wanavuna nyasi, ukiwa na haraka huwaoni. Kati hapo ndo mkokoteni uko ndani ya maji, mtupu. Mbwa aliye mbele anauangalia, kwahiyo jicho lako linatoka kwa mbwa linaenda kwenye mkokoteni linaishia kule kwenye mwanga, na ule utulivu unaousikia sio bahati, jamaa kaupanga.

Na ile nyekundu shingoni mwa farasi! Vidoa tu, ndani ya kijani chote kile. Zibeni na kidole muone picha inavyozimika. Mimi wanafunzi wangu nawakatalia nyekundu mpaka mwisho kabisa, manake wakiipata mapema wanaimwaga kila mahali.

Kingine, msiogope kufuta. Kuna mchoro wa Constable wa kuijaribu picha hiyohiyo, wa saizi ileile, uko V&A, jumba la makumbusho hapohapo London, na mle karibu na mbwa yupo mtu juu ya farasi. Kwenye picha ya mwisho kamtoa, pakabaki mbwa na maji.

Kabla hujagusa brashi chukua kikaratasi saizi ya kiganja na penseli, fumba macho nusu, weka toni tatu basi: giza, kati, mwanga. Kikaratasi kikiwa hakina mudi, rangi za bei mbaya hazitakusaidia. Na mbingu msiiache iwe sehemu ya kumalizia bluu iliyobaki, mawingu ndo yanaamua jua lipige wapi chini. Constable 1821 na 1822 alikuwa Hampstead, kwenye vilima vya London, anachora mawingu matupu, nyuma ya karatasi anaandika saa na upepo ulivyokuwa. Jaribuni hivyo hata wiki moja, bila mti wowote.