Stabiliti Kubwa Isikudanganye: Kupima Lami ya Zamani Kabla ya Kuirudisha Barabarani

Msomaji anayesimamia maabara ya saiti hapa Dar ameniandikia akiwa na furaha. Amechanganya asilimia 20 ya lami iliyokwanguliwa kutoka barabara ya zamani na kokoto mpya za Lugoba, na briketi za Marshall (vipande vya lami vilivyoshindiliwa maabarani kwa ajili ya kupimwa) zimetoa stabiliti, yaani mzigo wa juu kabla ya kuvunjika, ya kN 18, na flo, yaani kiasi briketi inavyobonyea kabla ya kuvunjika, ya mm 1.7. Anauliza kwa nini mhandisi mshauri amekataa mchanganyiko "wenye nguvu" namna hiyo.

Amekataa kwa haki, ndugu yangu. Briketi ya Marshall huvunjwa baada ya kukaa kwenye maji ya nyuzi 60, kwa hiyo kipimo hicho kinaonyesha tu kama lami italainika kwenye joto. Bitumeni, ule mnato mweusi unaoshika kokoto pamoja, ikipigwa jua na hewa miaka mingi huwa ngumu, na ukiiongeza stabiliti lazima ipande. Flo ikishuka chini ya mm 2 ujue umetengeneza kitu kikavu. Hakitabonyea chini ya malori ya Barabara ya Mandela, ila kitapasuka, masika yaingize maji kwenye nyufa, na mashimo yaanze.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni cha bitumeni ya zamani yenyewe. Itoe kwa kiyeyusho kwenye sentrifuji (mashine inayozungusha kwa kasi), kisha uvukize kiyeyusho na upime penetresheni, yaani sindano inazama sehemu ngapi za kumi za milimita: nyuzi 25, sindano yenye mzigo wa gramu 100, sekunde 5. Kiyeyusho kikibaki hata kidogo, bitumeni itaonekana laini kuliko ilivyo, na hapo ndipo maabara nyingi zinapojidanganya. Vumbi laini lililopita pamoja na kiyeyusho nalo lipimwe, la sivyo litahesabiwa kama bitumeni. Kazi hii ifanyike kwenye kabati la kunyonya moshi, glavu mkononi. Trikloroetilini si maji ya kunawa.

Tuseme umepata penetresheni 15, na lami ya zamani ina bitumeni asilimia 4.5. Katika mchanganyiko wenye bitumeni asilimia 5 kwa jumla, ile asilimia 20 ya lami ya zamani inaleta asilimia 0.9, yaani asilimia 18 ya bitumeni yote. Sasa chukua logi ya kila penetresheni, izidishe kwa sehemu yake, jumlisha. Ukitumia bitumeni mpya ya daraja la 60/70 (penetresheni kati ya 60 na 70), tuseme yenye penetresheni 65, unaishia kama 50. Ukitumia ya 80/100 yenye penetresheni 90, unarudi kwenye 65. Hesabu hii inachukulia kwamba bitumeni ya zamani yote imeyeyuka ikachanganyika na mpya, jambo ambalo mtamboni halitokei kikamilifu, lakini bila hesabu hii unabahatisha.

Wapo wanaopenda tanuri la kuunguza la nyuzi 538 kwa sababu ni la haraka. Ni zuri kwa kiasi cha bitumeni, ila linaichoma, kwa hiyo penetresheni huipati. Tena kama barabara ya zamani ilijengwa kwa mawe ya chokaa, kama yale ya Kunduchi, jiwe lenyewe laweza kupoteza uzito ndani ya tanuri na ripoti ikaonyesha bitumeni nyingi kuliko iliyopo. Linganisha na sampuli chache za kiyeyusho kwanza. Na sampuli iwe kavu kabisa: asilimia 1 ya maji iliyobaki itasomeka kama asilimia 1 ya bitumeni.

Maji ndiyo adui wa pili, na kwa unyevu wa Dar nalisema hili kwa sauti. Lami iliyokwanguliwa ikiwa na maji asilimia 6, kila tani ya mchanganyiko wenye asilimia 20 inabeba kilo 11 na ushee za maji. Kuyageuza mvuke kunadai kokoto mpya zipashwe takribani nyuzi 40 zaidi. Wasipozipasha, lami inafika saiti imepoa na haishindiliki. Wakizidisha, wanaiunguza bitumeni mpya. Pima maji kila asubuhi, na tena kila baada ya mvua. Usilaze turubai juu ya rundo, linafungia mvuke ndani. Jenga banda lililo wazi pembeni, juu ya sakafu yenye mteremko.

Rundo nalo lisiwe mchanganyiko wa barabara tatu. Kila barabara na kila tabaka liwe na rundo lake na kibao chake. Mashine ikikwangua kwa kina kupita kiasi inazoa tabaka la saruji lililo chini: utaona mabonge ya kijivu, na baada ya kutoa bitumeni, vumbi linalopita chekeche ya mm 0.075 litaruka ghafla. Sampuli ichukuliwe kila tani 500. Shoveli ichote ndani ya rundo sehemu kadhaa, imwage, isawazishe, ndipo ugawe kwa robo. Uso wa rundo una mabonge makubwa yaliyoporomoka, usiuguse.

Maabarani kausha kwenye trei pana kwa nyuzi 60. Chekecha mara mbili, kabla na baada ya kutoa bitumeni, kwa kuwa vumbi lililoganda kwenye mabonge halionekani mara ya kwanza. Kwa briketi, ipashe lami ya zamani kwa nyuzi 110 tu, isizidi saa mbili, kisha kokoto mpya za moto ndizo ziiyeyushe.

Kwa msomaji wangu: badili bitumeni iwe ya 80/100 au shusha lami ya zamani hadi asilimia 10, piga briketi upya mapigo 75 kila upande, angalia tupu za hewa (nafasi zilizobaki ndani ya briketi) zikae kati ya asilimia 3 na 5. Halafu vunja briketi kavu na zilizoloweshwa kwa mvuto wa pembeni, yaani kuzibana ubavuni hadi zipasuke katikati. Zilizoloweshwa zibakize angalau asilimia 80 ya nguvu ya zile kavu. Peleka kwa mhandisi karatasi hizo pamoja na penetresheni, na stabiliti iandikwe mwisho.